Kope Ipi?

SISTA: Karibuni tena wasikilizaji. Dokta leo kaja na karatasi, mambo sita, yana namba kabisa. Ila kabla hajaanza tumalizane na ya Jumanne.

DOKTA: Nilijua tu.

SISTA: Mgonjwa wa kwanza kwenye orodha ya upasuaji. Kope imeshuka, jicho la kulia. Trei imefunguliwa, ayodini iko kwenye bakuli. Anavua miwani, nakuta kope.

DOKTA: Kope ipi?

SISTA: Za saluni! Zimebandikwa moja moja, mpya, zinagusa nyusi. Namuuliza, mama, si uliambiwa uje uso mtupu? Anajibu, "Fomu imeandikwa kurekebisha kope. Nikaona nisiwaletee zilizopukutika."

[Wanacheka]

DOKTA: Hoja anayo.

SISTA: Anayo sana. Kosa ni la aliyeandika fomu.

DOKTA: Niliandika Kiswahili.

SISTA: Kiswahili kina neno moja kwa ngozi inayofunika jicho na kwa nywele zilizoota ukingoni mwake. Wewe msomi ulipaswa kusema ipi.

DOKTA: Nimekubali. Sasa, namba moja kwenye karatasi, vipimo...

SISTA: Ngoja kwanza, watu wajue kwa nini tulimsogeza hadi Alhamisi. Ndugu zake walikuwa wakali pale nje, "nywele tu hizo." Si nywele tu. Gundi inashika uchafu kwenye mstari uleule tunaotaka uwe safi, na ayodini haifiki chini yake. Ukianza kushona zinanasa kwenye uzi. Na mtu asizing'oe mwenyewe nyumbani, maana zitatoka pamoja na alizopewa na Mungu, ukingo uvimbe, na tarehe isogee tena. Arudi saluni wazitoe kwa dawa yao.

DOKTA: Na zinaharibu kipimo, ndiyo namba moja yangu hiyo. Mgonjwa anatazama mbele, unammulika tochi, mwanga unaacha nukta katikati ya jicho. Toka kwenye nukta hadi ukingo wa kope...

SISTA: Ipi?

DOKTA: Ya juu, ya nyama! Mtu mzima anapata milimita 4 hadi 5. Huyu mama alikuwa na 1. Sasa mtu akiwa na msitu wa saluni, ukingo huuoni, unapima kivuli.

SISTA: Na wanja je?

DOKTA: Sista, karatasi.

SISTA: Wanja nao wauache. Chembe zake zikiingia kwenye jeraha zinaweza kubaki chini ya ngozi, ukawa umechanjwa chale bila mganga.

DOKTA: Kipimo cha pili, nguvu ya msuli unaoinua kope. Unabana nyusi kwa dole gumba, maana hawa watu wamezoea kuinua jicho kwa paji la uso, wengine wana mikunjo ya miaka. Mgonjwa anaangalia chini kabisa, unaweka sifuri ya rula ukingoni, halafu anaangalia juu. Ukingo ukisafiri zaidi ya milimita 12, msuli ni mzima. Mama alipata 14. Ungepata 4 au pungufu, kuukaza msuli hakutoshi. Kope, ya nyama, inaning'inizwa kwenye msuli wa paji la uso kwa utepe wa silikoni au ukanda unaotolewa pajani.

SISTA: Yake ni pazia.

DOKTA: Pazia kabisa. Fimbo nzima, kitambaa kizima, vikulabu vimechomoka. Ule utando unaounganisha msuli na kibamba, yaani ule ugumu unaousikia ukigeuza kope ndani nje, umelegea au umebanduka. Umri, kufikicha macho kwa miaka, lenzi za kuvaa, wakati mwingine upasuaji wa zamani wa mtoto wa jicho.

SISTA: Na kubandika na kubandua kila wiki tatu.

DOKTA: Kuvuta hakusaidii. Siwezi kusema saluni ndiyo iliyomletea.

SISTA: Mimi naishuku.

DOKTA: Ishuku. Ila kuna zile zisizotaka kisu. Inayoshuka zaidi jioni, au leo kulia kesho kushoto, huenda ni miasthenia, ugonjwa wa misuli kuchoka. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya jicho lililofumbwa, dakika 2. Ikipanda milimita 2 au zaidi, aonwe na daktari wa neva kwanza. Na iliyoshuka ghafla, anaona viwili viwili, tundu la mboni limepanuka, hiyo usimpangie tarehe. Siku hiyohiyo hospitali kubwa, maana inaweza kuwa mshipa wa damu uliovimba ndani ya kichwa.

SISTA: Haya, Alhamisi. Alikuja uso mtupu kama mwali.

DOKTA: Alama ya kalamu kwenye mkunjo, milimita 8 hadi 10 juu ya ukingo kwa mwanamke, na inatangulia ganzi, kwa sababu ngozi ikishavimba mkunjo unapotea. Ganzi ni lignokaini ya asilimia 2 yenye adrenalini, mililita 1 hadi 1.5, basi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukimwaga nyingi, msuli unalala, unaona haupandi, unakaza, unakaza, ganzi ikiisha mtu kakodoa. Adrenalini nayo inausisimua msuli mwingine mdogo wa ndani unaosaidia kuinua kope, kwa hiyo unapata kimo cha uongo. Ndiyo maana mezani naiacha juu kidogo ya ninapotaka ikae.

SISTA: Mimi nikiona mafuta ya njano nashusha pumzi.

DOKTA: Yale ndiyo kibao cha njia. Umepita ngozi, umepita msuli mwembamba wa kufumba, umefungua kiwambo kinachoyazuia mafuta, haya hapa. Yasukume juu, chini yake utando mweupe unang'aa. Unaufuata mpaka kibamba kionekane, unapitisha uzi mwembamba, wa 6-0, nusu ya unene wake...

SISTA: Halafu tunageuza kope.

DOKTA: Ipi?

SISTA: [Anacheka] Shindwa! Ya nyama, tuone uzi haujatokeza ndani. Ukitokeza utakwangua kioo cha jicho kila akipepesa. Tumeona ni salama, Dokta anaupitisha kwenye utando, anafunga fundo la muda, si la mwisho. Tunazima taa kubwa, maana itamfanya afinye macho, tunamkalisha kitako. Kope inayopendeza amelala haina maana. Akakaa, kulia kumepanda vizuri sana...

DOKTA: ...na kushoto kukashuka.

SISTA: Kutoka 4 hadi 2 na nusu. Na kliniki tulishaliona hilo! Ulipoinua kulia kwa kidole, kushoto kukateremka. Nikakuambia mwandikie macho yote mawili.

DOKTA: Wasikilizaji, ubongo hutuma amri moja kwa pande zote mbili. Kulia kulipokuwa kumelemewa, ubongo ulikuwa unapiga kelele, kushoto kukanufaika. Umeinua kulia, kelele zimeisha, kushoto kunaonyesha hali yake.

SISTA: Na hali yake ni kwamba nako kumelegea. Fanya vyote siku moja.

DOKTA: Sikati kope ya mtu ambayo jana ilikuwa 4.

SISTA: Ilikuwa 4 ya kuazima!

DOKTA: Nasubiri miezi 3. Uvimbe uishe, adrenalini iishe, ubongo utulie. Wengine kushoto kunajirudisha kidogo, hawahitaji chochote. Na kila kope unayofungua unaiweka kwenye hatari, ishindwe kufunga usiku, jicho likauke, au damu ivujie nyuma ya jicho. Hiyo ya damu ni nadra, lakini inapofusha.

SISTA: Mama katoka Tunduru kwa basi. Nauli ya pili, msindikizaji wa pili, ganzi ya pili. Na miezi 3 yote mtaani wanamwambia hospitali imemhamishia ugonjwa upande wa pili. Harudi, Dokta. Ataenda kwa mganga.

DOKTA: Nauli si sababu ya kisu.

SISTA: Kwako.

DOKTA: Na ukifanya zote mbili, zote zimevimba, unalinganisha na nini?

SISTA: Zimevimba sawasawa, ndiyo rahisi kulinganisha! Ya kwanza imenywea, ya pili mbichi, hapo ndipo utakapohangaika.

DOKTA: Hapana.

SISTA: Ndiyo.

[Kimya]

DOKTA: Tulifikia hapahapa thieta.

SISTA: Na tulifikia hapahapa kwenye chai. Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili.

DOKTA: Dakika mbili? Niko namba mbili! Kuna watoto, kuna waliokazwa mno, kuna...

SISTA: Za nyumbani tu, upesi.

DOKTA: Barafu kwenye kitambaa dakika 10 kila saa akiwa macho, siku 2 za kwanza. Alale kichwa juu. Dawa ya kupaka usiku. Nyuzi za ngozi zitoke siku ya 5 hadi ya 7. Maumivu makali, jicho linasukumwa nje, kuona kunafifia, asingoje asubuhi. Wanaotumia aspirini na wafarini, dawa za kuzuia damu isigande, waseme mapema, wala wasiache wenyewe bila aliyewaandikia. Na watoto...

SISTA: Watoto wiki ijayo.

DOKTA: Wiki ijayo tulisema presha ya jicho.

SISTA: Basi ile nyingine. Mama ameshatuma ujumbe, anauliza atabandika lini.

DOKTA: Wiki 6.

SISTA: Ana harusi wiki ya nne.

DOKTA: Wiki 6. Na fomu nimeibadilisha, nimeandika kigubiko cha jicho.

SISTA: Kigubiko? Watakuletea sufuria.