Nani Aliyewavusha? Mhadhara Kuhusu Kivuko cha Yuma

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nieleze jinsi magari ya ng'ombe ya wahamiaji wa Marekani yalivyokuwa yakivuka mito ya jangwani. Nitaeleza. Lakini mlionisikia zamani mnajua naanzia wapi: naanzia kwenye mtungi.

Mtungi wa udongo, mpana, mtoto anaenea ndani. Mwanamke wa Kiquechan, kabila la wenyeji wa asili wa pale, anaogelea katika Mto Colorado, maji ya tope yanamfika kidevuni, na mtungi anausukuma mbele yake taratibu, mtoto akiwa ndani. Ndivyo watu wa pale walivyovusha watoto na mizigo kabla gurudumu lolote halijafika ukingoni. Sasa niambieni, ni mchoro gani wa safari za wahamiaji mliouona ukiwa na mama huyu? Tunaonyeshwa turubai jeupe, maksai, na mwanamume mwenye mjeledi. Mto unachorwa kana kwamba hauna wenyewe.

Wenyewe walikuwepo. Pale Yuma, kwenye mpaka wa Arizona na California wa leo, ambako Mto Gila unaingia Colorado, maji yanabanwa na vilima vya mawe, kwa hiyo ndipo mahali pa kuvukia. Msafiri atokaye mashariki amelimaliza jangwa moja, na ng'ambo linamngoja jingine, la mchanga mtupu. Ng'ombe wamebaki mifupa. Nani ana chakula hapo? Waquechan, waliopanda mahindi, maharage, maboga na matikiti katika tope lililoachwa na mafuriko. Mwaka 1775 ofisa wa Kihispania, Juan Bautista de Anza, alipopita na walowezi zaidi ya 200, wale waliokwenda kuanzisha San Francisco, alipokewa na kiongozi wao, ambaye Wahispania walimwita Salvador Palma. Baadaye Wahispania wakarudi kujenga palepale, mifugo yao ikayaharibu mashamba ya wenyeji, na Julai 1781 Waquechan wakainuka. Waliuawa watu zaidi ya 100, na njia ile ikafungwa kwa miaka mingi.

Tuje 1849. Dhahabu imepatikana California, watu wanamiminika kwa maelfu. Wengine waligeuza gari lenyewe kuwa boti: unavua magurudumu, unaziba nyufa za bodi, unapakia, unasukuma. Wanyama wanaogelea, na anayewaongoza ndani ya mkondo ni kijana wa Kiquechan, maana yeye anajua mchanga umehamia wapi tangu jana. Ilikuwa kazi, na ilikuwa na malipo. Kundi moja la wasafiri kutoka Tennessee, lilipokwisha kuvuka, liliwaachia Waquechan boti lake. Wakawa na kivuko chao.

Mapema 1850 Wamarekani nao walikuwa na chao jirani, na John Glanton akajiingiza humo. Huyu ni mtu aliyekuwa akiuza ngozi za vichwa vya watu kwa serikali ya jimbo la Chihuahua, Mexico. Wazeni, huyo ndiye sasa anashika nauli ya jangwa zima! Boti la Waquechan likaharibiwa. Ushahidi ulioandikwa Los Angeles mwaka uleule unasema kiongozi wa Waquechan alimwendea Glanton kwa maneno ya suluhu: ninyi vusheni watu na mizigo, sisi tutavusha wanyama. Glanton akampiga kwa fimbo. Hebu liwekeni rohoni neno hilo. Mwenye mto anaomba nusu ya kazi ya mto wake, anajibiwa kwa fimbo.

Tarehe 23 Aprili 1850 Waquechan walimuua Glanton na wenzake wapatao kumi.

Kila nikifika hapa ananyanyuka mtu: "Lakini mwalimu, si waliua?" Waliua, sijaficha. Ninachokataa ni masimulizi yanayoanzia siku ya mauaji, kana kwamba siku ya fimbo haikuwahi kuwepo. Mwingine husema wahamiaji wa kawaida hawakuwa na kosa, walikuwa na njaa, walikuwa na watoto. Kweli kabisa, na ndiyo maana wengi wao waliuziwa matikiti na kuvushwa salama. Wanaolitetea gari la ng'ombe wanaisahau mikono iliyolivusha.

Gavana wa California alituma wanamgambo kulipiza kisasi, wakatumia zaidi ya dola 100,000. Jeshi likajenga ngome ya Fort Yuma juu ya kilima, kivuko kikabaki kwa wageni, na mwaka 1877 likaja daraja la reli.

Naona naonyeshwa saa. Kivuko cha Lees Ferry basi, kwa kifupi, nacho kingestahili jioni yake: ni mto huohuo, mbali sana upande wa juu, kaskazini mwa Arizona, ambako Wamormoni, watu wa dhehebu moja la Marekani, walivusha magari kwa pantoni kuanzia 1873. Juni 1928 pantoni ilipinduka, watu watatu wakafa maji, na miezi michache baadaye, Januari 1929, magari yakaanza kupita juu ya daraja la Navajo Bridge.

Ila msiondoke mkidhani nimesema habari za watu waliokwisha. Waquechan wako palepale, ng'ambo ya mji wa Yuma, kwenye ardhi waliyotengewa mwaka 1884, na kilima cha ngome kimo ndani yake. Haya, maswali.