Kutoka Kirkenes hadi Vadsø: ni kilomita 38 au 170?

Shikamooni wazee wangu, na ninyi vijana hamjambo. Nazungumza nanyi nikiwa nje ya uwanja wa ndege wa Vadsø, kaskazini kabisa mwa Norwe. Ni saa sita mchana, ingawa mkitazama nyuma yangu mtadhani magharibi imeshaingia, kwa kuwa ni Desemba na jua halitachomoza huku hadi Januari.

Juzi mjomba wangu wa Kigoma aliniuliza kwa simu ni mwendo wa muda gani kutoka uwanja wa Kirkenes hadi hapa. Nilimjibu, "Mjomba, inategemea unapita wapi," naye akadhani namfanyia mzaha.

Kwa mstari ulionyooka, viwanja hivi vimeachana kwa kilomita 38 hivi, na ndege hutumia takriban robo saa. Ni ndege ndogo ya pangaboi mbili, yenye viti 39, kwa sababu njia ya kurukia ya Vadsø ni fupi na ndege kubwa haziwezi kutua. Leo mhudumu hakuinuka kitini hata mara moja, na peremende niliyoitia mdomoni tulipokuwa tukipaa ilikuwa haijaisha magurudumu yalipogusa ardhi.

Lakini kati ya viwanja hivyo kuna Varangerfjorden, hori kubwa la bahari lisilo na daraja. Mwenye gari hana budi kutoka Kirkenes kwa barabara ya E6 akielekea magharibi, apite Neiden, afike Varangerbotn ambako maji yanakomea, kisha ageuke mashariki kwa E75 na kurudi akiyafuata maji yaleyale kwa upande wa pili. Hiyo ni safari ya takriban kilomita 170, yaani saa mbili na nusu hivi, theluji ikiwa na huruma. Ndugu zangu wa Mombasa, fikirieni Likoni isiyo na feri, halafu muambiwe mzunguke.

Hata hivyo, msiharakishe kuisifu ndege. Leo tulikaa Kirkenes saa tatu nzima tukisubiri upepo utulie, na mtu aliyeondoka kwa gari wakati tunaambiwa tusubiri angekuwa ameshafika na kunywa chai yake. Mjomba naye alichanganyikiwa zaidi nilipompa saa za safari: Kirkenes na Kigoma ziko karibu longitudo moja, nyuzi 30 mashariki, lakini saa za Norwe wakati huu wa baridi ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili.

Usafiri wa meli ndio wenye kituko. Meli ya pwani inayokwenda Kirkenes husimama Vadsø asubuhi na mapema, na kulivuka hori huichukua muda usiotimia saa mbili, lakini inaporudi hunyoosha hadi Vardø bila kupitia hapa. Kwa hiyo unaweza kutoka Vadsø kwenda Kirkenes kwa meli hiyo, ila kuja huwezi, na ndiyo maana nimekuja kwa ndege na kesho narudi kwa maji. Gati liko katika kisiwa kidogo cha Vadsøya, ambako bado umesimama mlingoti wa chuma uliofungiwa chombo cha angani Norge, yaani puto kubwa lenye injini, mwaka 1926, kilipokuwa kikielekea visiwa vya Svalbard na Ncha ya Kaskazini. Nitawahi kidogo niwaonyeshe, giza likiniruhusu.