Kuku mgeni na ile kamba ya mguuni

Habari za jioni wamama, wazee, vijana, sogeeni mbele viti bado vipo. Nashukuru Walukuba mmekuja wengi hivi. Nimeombwa niongee juu ya kuku na nitaongea kitu kimoja tu, namna ya kumuingiza kuku mgeni kwa wenyeji wake, manake hapa karibu kila nyumba ina kuku wanne watano huko nyuma na kila mtu kuna siku ananunua mwingine anaongeza.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ni kweli, wote tunafanya hivo, unamtoa sokoni, unamfunga mguu, upande mwingine unafunga kwa mti ili azoee nyumba asipotee. Sasa hiyo kamba ndo imenileta hapa. Mwaka juzi nilinunua tetea mwekundu, mzuri, anakaribia kutaga, nikamfunga kwa mti wa ovakado nikaingia jikoni. Nikasikia kelele nikadhani mwewe. Kutoka nje nakuta ameuzunguka mti mpaka kamba imeisha, kichwa amekibana kwa shina, na wale wanne wangu wako juu yake wanadonoa kisogo, manyoya hamna tena, nyama inaonekana, na yeye hata kulia ameacha. Alikufa kesho yake asubuhi. Niliumia sana, manake kuku akidonolewa anakimbia kidogo tu, yule mkubwa anaona ameheshimiwa, mambo yanaisha. Mimi nilimnyima hizo mbio.

Muelewe kwamba kuku wana ukubwa wao. Kuna Mnorwe, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alianza kuangalia kuku tangu mtoto, na mwaka 1922 akaandika kwamba kila kuku kwenye kundi anajua nani anaweza kumdonoa na nani hamgusi. Angalia wako ukimwaga pumba, kuna yule anakula kwanza na kuna yule anangoja pembeni. Ukileta mgeni huo mpango wote unavurugika, wanaanza kuupanga upya, na wanaupanga kwa mdomo. Kwa hiyo kudonoana kidogo kutakuwepo, usiogope, kazi yako ni kuhakikisha hakuna anayekufa.

Lakini kabla ya ugomvi kuna magonjwa, na hapo ndo watu wanamaliza banda zima. Kuku wa soko amekaa na kuku wa kila upande, anaweza kuwa na mdondo, ule ugonjwa wa Newcastle, na leo usione kitu. Mdondo ukiingia kwa kuku wasiochanjwa unaweza kuwafagia karibu wote ndani ya siku chache. Kwa hiyo siku ya kwanza mgeni hakai na wenzake kabisa, anakaa peke yake mbali na banda, wiki mbili hazipungui, tatu ama nne ndo nzuri zaidi. Lisha wenyeji kwanza, yeye mwisho, nawa mikono, na viatu unavyovaa kwenda kwake usivivae kwa wenyeji. Mfunue chini ya mabawa na karibu na mkundu utafute chawa, angalia kama magamba ya miguu yamenyanyuka, pua kama inatoka maji, kinyesi kama ni cha kijani. Kama hajachanjwa mdondo mchanje hapo hapo, ile ya tone moja kwenye jicho, halafu ngoja wiki mbili kinga ishike. Na wenyeji nao wawe wamechanjwa, kila miezi mitatu ama minne unarudia.

Na jamani, tuache kumbeba kuku kwenye boda kichwa chini miguu juu. Tafuta boksi, toboa matundu, akifika mpe maji kwanza.

Zikiisha hizo wiki, sasa weka waya. Hapa ndo penye siri yote. Kata kona ya banda kwa neti ya waya, au kama huna, mfunike na tenga kubwa uwanjani pale wenzake wanapochakura, wamuone, wamsikie, wasimfikie. Chakula weka karibu na waya pande zote mbili, wazoee kula wakiangaliana. Siku ya kwanza wenyeji watavimbisha manyoya ya shingo wanapiga waya na mdomo. Siku ya nne ya tano utaona wanapita tu wanaendelea kuchakura maganda ya kahawa kama hayupo. Ukiona hivo kwa siku mbili mfululizo, fungua. Wengine ni wiki moja, wengine mbili, kuku ndo wanakuambia, si kalenda.

Fungua jioni, uwanjani, si ndani ya banda. Weka chakula sehemu mbili na maji sehemu mbili, manake yule mkubwa hawezi kulinda pote. Ning'iniza fungu la dodo, yaani mchicha, wawe na kazi. Egemeza ubao ukutani uwe wazi huku na huku, mgeni apite chini asibanwe. Halafu kaa na wewe, usiende kuchota maji. Wakidonoana kidogo acha. Damu ikitoka mtoe mara moja, kuku akiona nyekundu haachi. Na kama ni mmoja tu anamsumbua, mtoe huyo msumbufu siku tatu nne, akirudi yeye ndo atakuwa kama mgeni.

Najua wengi mnamtia mgeni bandani usiku wenyeji wakiwa wamelala. Inaweza kusaidia, lakini asubuhi saa kumi na mbili lazima uwe mlangoni. Mimi naona waya ni bora. Na ukiweza nunua wawili, mmoja peke yake anabeba vipigo vyote.

Hajati hapa ameuliza, je kama nyumbani kuna kuku mwenye vifaranga? Mtenge huyo na watoto wake kwanza, anaweza kumuumiza mgeni vibaya sana. Na mzee anauliza atajuaje wameelewana. Ingia na tochi usiku uangalie fito. Mwanzoni mgeni analala chini kwenye kona, peke yake. Ukimkuta juu ya fito amebanana na wenzake, basi toa ule waya.

Chanjo chupa moja inatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na ikishafunguliwa haikai, kwa hiyo wanaotaka tuchange pamoja wabaki tuandikane majina.