Tzatziki: kazi yote iko kwenye kukamua tango

Hamjambo jamani! Leo tuko jikoni kwangu hapa Kypseli, Athens. Mkisikia muungurumo ni basi hapo chini, lizoeeni tu.

Wengi mmeniuliza kile cheupe pembeni ya mishikaki ya Wagiriki kwenye video iliyopita. Ndiyo hii, tzatziki, mtindi mzito wenye tango na kitunguu saumu, wa kuchovya. Wenyewe wanatamka “dzadziki”. Jina limetoka kwa Waturuki, ila ya Waturuki mara nyingi huongezwa maji, huinywa kama supu. Ya huku inasimama kwenye kijiko. Ikitiririka, ujue umekosea.

Na mimi nilikosea! Mara ya kwanza nilikwaruza tango, nikalitia kwenye mtindi moja kwa moja, nikabeba bakuli hadi kwa bibi jirani. Kufika, limeshakuwa togwa. Bibi wa watu hakusema neno. Akachukua tango jingine, akalikwaruza, akalikamua kwa ngumi mbele yangu kama anakamua nguo.

Basi tazameni. Tango moja kubwa, nimelikwaruza, nimelitia chumvi nusu kijiko cha chai, limekaa dakika 20. Ni ile ile ya kitunguu cha kachumbari, mnavyokifikicha kwa chumvi. Sasa nakamua... ngojeni nisogeze simu. Mnaona glasi? Maji yote hayo, tango moja! Na bado, nalifunga kwenye kitambaa nilinyonge tena.

Mtindi hapa nanunua uliokwisha chujwa, mzito. Nyumbani chukua mtindi usio na sukari, tafadhali sio ule wa vanila, lita moja, umimine kwenye kitambaa safi juu ya chujio, uuache kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utakuta umebaki kama nusu. Yale maji usimwage, kandia unga wa chapati.

Haya: mtindi mzito nusu kilo, tango letu, kitunguu saumu kilichotwangwa. Hapo punje moja kwanza, mbili ukiwa jasiri, maana ikikaa kwenye friji makali yanaongezeka. Siki kijiko kimoja cha chakula, mafuta ya zeituni viwili. Mimi natia na majani ya shibiti (dill). Ukikosa, nanaa iko hapo nyuma ya nyumba. Chumvi onja kwanza, tango limeshakuwa nayo.

Koroga kwa kijiko. Blenda weka mbali, itaulainisha mtindi mpaka uanze kutiririka.

Friji saa moja au mbili, basi. Huku wanachovya mkate au vipande vya mumunye mchanga wa kukaanga. Mimi? Muhogo wa kukaanga, nimeupata kwenye duka la Waafrika mtaa wa pili, kwa bei ambayo siwaambii, mama yangu anatazama.

Mmm. Subirini. Mmm! Mwenzangu wa zamu ya usiku atanisikia harufu kabla hajaniona.