Kwa Nini Wengine Hawaitaki Yoti Mpya
(Mhadhara uliotolewa Mikindani, Mtwara)

Shikamooni wazee. Vijana, hamjambo.

Yoti, chombo cha matanga cha matembezi, ikitia nanga hapa Mikindani, swali huwa lile lile: mtu amekuja kutoka mbali kote huko, mbona chombo chenyewe kikuukuu? Hana hela ya kipya? Wengine hawana, ni kweli. Lakini wapo wenye hela zao wasiokitaka kipya, na sababu yao iko chini ya maji.

Yoti nyingi za kizamani zina mkuku mrefu, yaani uti wa chini ya chombo, unatoka karibu na omo, mbele, mpaka tezi, nyuma, nao ni mwili mmoja na chombo. Usukani umepachikwa nyuma ya mkuku huo huo, kama mnavyouona kwenye majahazi yetu. Za siku hizi zina tumbo pana. Mkuku wake ni kipande kifupi cha chuma au madini ya risasi kilichokazwa kwa bolti, na usukani unaning'inia peke yake, hauna kinga. Zinakwenda mbio, zinabisha vizuri kuukabili upepo, na ndani mna nafasi ya familia nzima. Sizibezi hata kidogo.

Ila wazee mnaijua miamba yetu maji yakipwa. Mkuku mrefu ukiparuza mwamba, kishindo hutawanyika. Ule mfupi ukigonga, kishindo chote kinaishia kwenye zile bolti, na fiba, ile nyuzi za kioo na gundi iliyoundia chombo, inayozizunguka huweza kuachia kwa ndani, chini ya sakafu, pasipo mtu kuona. Mei 2014 yoti moja iliyokuwa ikirudi Uingereza kutoka Karibi iling'oka mkuku ikiwa katikati ya Atlantiki, ikapinduka. Mabaharia wanne, wote wakapotea. Habari hiyo inaniuma mpaka leo.

Halafu kuna mwendo. Chombo cha kizamani, kizito na chembamba, huingia kwenye wimbi taratibu, hakidundi. Baharia aliye peke yake hupata usingizi, na sufuria hukaa jikoni. Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini alizunguka dunia peke yake kwa chombo cha namna hiyo, futi 36, akashinda mashindano ya Golden Globe mwaka 2023 baada ya siku 235. Mashindano hayo yanaruhusu mkuku mrefu tu, na michoro iwe ya kabla ya 1988.

Msidhani chombo cha zamani hakizami. Katika mashindano hayo hayo, Tapio Lehtinen wa Ufini alizamiwa na yoti yake ya mkuku mrefu katika Bahari ya Hindi, ikaenda chini kwa dakika chache. Kirsten ndiye aliyemwokoa. Tena ukirudi kinyumenyume kwa mashine bandarini, chombo hicho hakikutii, na upepo ukiwa wa tezini kinayumba sana.

Kwa hiyo mnunuzi makini hukipandisha pwani kwanza. Anagonga fiba kwa nyundo ndogo, shibiri kwa shibiri, akisikiliza: palipo pazima hulia kwa ukali, palipooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Nyaya za mlingoti zikiwa kuukuu anazibadilisha zote, hata zikionekana nzima.