Mwezi wa Tano Wanyama Nao Wanakula

Mhadhara kwa walimu walezi na wanachama wa klabu za wanyamapori, Mombasa

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Walimu wangu, wazazi mlioacha shughuli zenu, na nyinyi vijana mliokaa huku mbele, ahsanteni kwa kunialika. Mwalimu aliyeniandikia alitaka nieleze jinsi klabu ya shule inavyoweza kuchangia bustani ndogo ya wanyama kwa kuandaa siku za sherehe. Nitaeleza. Lakini naomba nianze na mwezi wa tano.

Sisi watu wa pwani tunaujua mwezi huo. Kaskazi imekwisha, kusi imeingia, masika yanamwagika, wageni wamerudi kwao na hoteli kadhaa zimefunga milango. Pale langoni mkata tiketi hukaa tangu asubuhi hadi adhuhuri asimwone hata mtoto mmoja. Huku nyuma fisi anangoja nyama yake, kobe wanangoja majani, na mtunza wanyama anangoja mshahara. Miaka niliyofanya kazi katika bustani za wanyama ndiyo iliyonifunza kuuogopa mwezi wa tano.

Sasa tazameni watu huja lini. Krismasi, siku ya kufungua mwaka, Pasaka, na Idi popote inapoangukia. Siku hizo watoto wamevaa nguo mpya, baba ana pesa mfukoni, na foleni inatoka hadi barabarani. Pato la bustani ndogo huingia kwa vishindo, siku chache tu, na midomo ya kulishwa iko wazi siku 365. Kwa hiyo ukiniuliza sherehe ya kuchangisha ni ya nini, nitakujibu kwamba kazi yake ni kuibeba pesa ya siku zilizojaa kuipeleka kwenye siku tupu. Siku ya Idi yenyewe haihitaji msaada wenu, imeshajaa.

Kuna bustani moja kaskazini mwa Ujerumani, katika mji wa Neumünster. Si kubwa kama ya Berlin, na ni mali ya chama cha watu, si ya serikali. Ilikuwa na wanyama kama 700. Kwao, baada ya baridi ndefu, Pasaka ndiyo inayofungua mfuko wa mwaka. Mwaka 2020 Pasaka ilikuja milango ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona. Mwezi wa nne mkurugenzi wake, Verena Kaspari, aliwaambia waandishi wa habari kwamba walikuwa wameshaandika orodha ya wanyama watakaochinjwa kwanza ili kuwalisha wengine, ikifika huko. Alikadiria kwamba msimu ule mmoja ungewapotezea kiasi cha yuro 175,000. Nilipoisoma habari ile nilikaa kimya muda mrefu. Watu wengine walimlaumu kwa kusema jambo la kutisha vile hadharani. Mimi namheshimu. Alisema ukweli wa ghala lake, na ukweli wa ghala ndio tunaouficha tunapochangisha. Tunabandika picha ya simba mzuri na neno "Karibuni". Hatuandiki nyama imebaki ya siku ngapi.

Nami nina langu la kueleza. Pahali pamoja nilipofanya kazi, ambapo sitapataja, tuliandaa siku ya familia. Tulikodi mahema, viti, spika kubwa na mcheza viini macho. Watu walikuja wengi, watoto walifurahi, na magazeti yalitupiga picha. Jioni tulipohesabu, mwenye mahema alichukua lake, mwenye spika lake, na kilichobaki hakikununua samaki wa wiki moja. Tena kelele za spika ziliwafanya swara wajigonge kwenye ua, mmoja akavunjika mguu na hakupona. Tangu siku ile neno langu ni moja: bustani ya wanyama si uwanja wa harusi. Jambo lolote linalowafanya wanyama watetemeke lisifanywe kwa jina lao, hata likileta pesa.

Basi lipi hufaa? Niwape mfano ulio karibu nasi, Nairobi. Daphne Sheldrick alianzisha amana, yaani shirika la hisani, kwa kumbukumbu ya mumewe David mwaka 1977, na kituo chao hulea ndovu mayatima ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ndovu mchanga hunyweshwa maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na maziwa ya ng'ombe hayamfai. Daphne alihangaika miaka mingi mpaka akapata mchanganyiko uliomkubali, wenye mafuta ya nazi ndani yake. (Watu wa pwani, nazi yetu imeokoa ndovu.) Pale mtu humchagua ndovu mmoja kwa jina, akatoa kuanzia dola 50 kwa mwaka. Watu wengi husimulia habari hiyo wakaishia hapo, kwenye jina la ndovu. Mimi nataka mtazame kinachofuata. Walezi wa ndovu huandika shajara: leo nani alicheza matopeni, nani alikataa chupa, nani alimsukuma mwenzake. Aliyetoa pesa hupata habari mwezi baada ya mwezi. Ndiyo maana mwaka ukiisha anatoa tena. Harambee zetu nyingi hufia hapo. Tunapokea mchango kwa vigelegele, kisha mchangaji hasikii neno mpaka tunapomhitaji tena.

Na msidhani wachangaji ni matajiri tu. Marekani, watunza wanyama wenyewe, watu wa mishahara midogo, wana chama chao tangu 1967. Mwaka 1990 walianzisha siku iitwayo Bowling for Rhinos. Hukutana kwenye ukumbi wa mchezo huo wa kuangusha pini kwa tufe, kila mmoja ametafuta watu wa kumdhamini, wakacheza jioni moja. Kwa miaka yote hiyo zimepatikana mamilioni ya dola, na sehemu huja hapa kwetu Kenya, hifadhi ya Lewa, kulinda vifaru. Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970, na kufikia mwishoni mwa miaka ya themanini hawakufika 400. Fikirini mtu anayefagia banda la mbuzi katika mji mdogo wa huko, ambaye hajawahi kukanyaga Afrika, anacheza tufe ili kifaru wa Lewa alale salama. Pesa za kukodi mahema hazitafutwi, kwa sababu ukumbi upo na mchezo upo. Lewa nao wana mbio zao za kila mwezi wa sita tangu mwaka 2000, ndani ya hifadhi yenyewe, askari wakiwa macho. Wote wawili wametumia kilichopo.

Sisi kilichopo ni nini? Mimi naona soko. Berlin, mwezi wa kwanza kila mwaka, ndovu wa bustani hupewa miti ya Krismasi iliyobaki kwa wauzaji bila kununuliwa. Haichukuliwi ile iliyopambwa majumbani, kwa kuwa inaweza kuwa na vitu vya kumdhuru mnyama. Kwenye soko letu la Kongowea kila jioni kuna maboga, karoti, sukuma wiki na matikiti yanayoachwa yaharibike. Mwenye meza akiombwa kwa heshima, na mtoto wa shule, hakatai. Ila msipeleke chochote kabla daktari wa mifugo wa bustani hajasema ndiyo. Parachichi tunalolipenda sisi laweza kumuua kasuku, na mbuzi pia hudhurika nalo.

Mtasikia pia habari za bustani ya San Antonio, Texas, ambapo mwezi wa pili, siku ya wapendanao, mtu hulipa dola chache, mende akapewa jina la mpenzi wake wa zamani, kisha mnyama akalishwa mende huyo. Huleta pesa, najua. Sipendi tuige. Klabu ya watoto haiwezi kufundisha huruma asubuhi na jioni ikauza chuki.

Nami nawajua watu wa pwani hii. Tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi ya tsunami yalipomwacha kiboko mchanga peke yake baharini kule Malindi, watu walimhangaikia kwa nyavu za kuvulia, mpaka akaletwa bustani ya Haller Park hapa Bamburi, akaitwa Owen, akajiambatanisha na kobe mkongwe Mzee. Hapakuwa na kadi ya mwaliko wala mgeni wa heshima. Mvuvi alitoa wavu wake, na wavu ndio riziki yake.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Kabla hamjapanga sherehe yoyote, kila klabu iende kwenye bustani iliyo karibu nayo ikaombe karatasi moja: chakula cha mwezi wa tano, mnyama kwa mnyama, kwa kilo na kwa shilingi. Idi ikija, msiuze tiketi za muziki. Simameni langoni na karatasi hiyo, aje baba na wanawe, achague: ndoo ya samaki wa siku moja, au majani ya kobe ya wiki. Alipe kwa simu, aandikiwe risiti yenye jina la mnyama na tarehe ya mlo ule. Na tarehe hiyo ikifika, mvua ikinyesha, mwanafunzi mmoja avae buti aende, ashuhudie mnyama akila, ampigie picha, amtumie yule baba.

Walimu, nimeandika mfano wa karatasi hiyo. Nakala ziko pale mezani karibu na mlango. Sasa naomba maswali, tuanze na vijana.