Mwanangu akija, naye atalipiwa ada?

Shikamooni wazazi, na vijana wenzangu wa Mbeya, Iringa na Njombe, habari zenu. Kila nikiweka video naulizwa: kwa kuwa serikali ya Marekani inanisaidia ada, je, mwanangu akija naye atalipiwa? Nikitaja fedha nitaambiwa najivuna, nikitaja deni nitaambiwa nalalamika, lakini nitajibu, kwa sababu mzazi mmoja wa Mafinga ameniandikia kwamba yuko tayari kuuza shamba la miti ambayo bado haijakomaa kwa mbao.

Mimi ni mkazi wa kudumu wa Marekani, ndiyo maana naruhusiwa kujaza FAFSA, yaani fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu ya huku. Kijana anayekuja kwa viza ya mwanafunzi, yaani F-1, hapati ruzuku wala mkopo wa serikali kuu, hata awe amefaulu vipi, na lazima athibitishe mapema kwamba fedha za mwaka wa kwanza anazo. Barua ya kukubaliwa chuoni si ufadhili.

Hata sisi tunaostahili hatusomi bure. Pell Grant, yaani ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye uhitaji, ambayo hairejeshwi, ilikuwa na kikomo cha dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024/2025, na ada ya chuo changu, ambacho ni cha wawekezaji wanaotafuta faida, inazidi hapo kwa mbali, kwa hiyo pengo nalijaza kwa mikopo. Mkopo usio na ruzuku ya riba huanza kuzaa riba tangu unapotolewa, mwanafunzi akiwa bado darasani. Ukiacha masomo kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya fedha hurudishwa serikalini, na chuo kinaweza kukugeukia wewe kikudai.

Linaloniuma ni kwamba mshauri wa usajili alinipigia simu bila kuchoka hadi nilipotia saini, kisha ofisi ya fedha ikawa inanidai nyaraka zilezile za kodi nilizokwisha kuwasilisha, huku ada ikihesabiwa kuwa imechelewa. Tena vyuo vya namna hii hufungwa: ITT Technical Institute, chuo kingine cha kutafuta faida, ilipofunga Septemba 2016, maelfu ya wanafunzi waliachwa njiani.

Hali ya kila familia ni yake, nami nasema ninayoyaona nilipo. Mzazi wangu wa Mafinga, naomba usiuze shamba kabla chuo hakijakuandikia gharama ya shahada nzima, si ya muhula mmoja, na kabla hujaiuliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kama inatambua shahada hiyo.